Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Mbeya na Iringa: Kuta za Zamani Hazijamnyima Mtu Nyumba

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Jiji la Mbeya na wa Halmashauri ya Manispaa ya Iringa,

YAH: MAJENGO YA KALE NA UHABA WA NYUMBA KATIKA MIJI YETU

Waheshimiwa,

Miji yetu miwili ina ugomvi wa siku nyingi ambao haujawahi kuamuliwa, na kila unapoibuka huishia pale pale. Mwenye jengo la zamani anataka kubomoa ajenge ghorofa. Wapenda historia wanapiga kelele. Wengine wanawajibu kwamba watu hawana pa kulala, nyinyi mnalilia ukuta wa Mjerumani? Baada ya wiki mbili kelele zimekwisha, katapila limekuja Jumapili asubuhi, na Jumatatu mpita njia anakuta uzio wa mabati. Nawaandikia kwa sababu naamini ugomvi huu umewekwa mahali pasipo pake. Nyumba wanazozihitaji wananchi wa Mbeya na Iringa hazijazuiwa na kuta za Uhindini, mitaa ya zamani ya biashara. Zimezuiwa na ukubwa wa viwanja na namna tunavyougawa mji, mpango ambao tuliachiwa na mkoloni nasi tukaupokea bila kuuhoji. Majengo machache ya kale tunaweza kuyatunza na bado tukapata nyumba nyingi kuliko sasa, mradi mabaraza yenu yawe tayari kugusa kile ambacho hakiguswi.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 ikakuta 541,603. Manispaa ya Iringa ilitoka watu 151,345 ikafika 202,490. Kwa pamoja ni ongezeko la watu zaidi ya 207,000 ndani ya miaka kumi. Tukikadiria watu wanne kwa kaya, tunazungumzia kaya karibu 52,000, yaani nyumba mpya zaidi ya 5,000 kila mwaka, bila kuwahesabu waliokuwa wamebanana chumba kimoja tangu mwanzo. Sasa tuchukulie, kwa ajili ya hoja tu, kwamba miji yote miwili ina majengo mia moja ya kale yanayostahili kutunzwa, kwamba yote yamebomolewa leo, na kwamba palipokuwa na kila moja pamesimama ghorofa lenye nyumba kumi na sita za familia. Tumepata nyumba 1,600. Hayo ni mahitaji yasiyofika miezi minne. Mwezi wa tano tunarudi palepale tulipokuwa, na hatuna tena cha kubomoa chenye jina.

Na hesabu hiyo imejaa ukarimu, kwa sababu kinachojengwa palipobomolewa katikati ya mji mara chache huwa nyumba ya kuishi. Mwenye kiwanja anayelipa gharama za katikati ya mji hujenga kitu kitakachorudisha fedha haraka: fremu za maduka chini, ofisi au nyumba ya wageni juu. Simlaumu; ni mfanyabiashara, na fremu moja mahali penye watu inaweza kumwingizia kodi na kilemba kuliko vyumba kadhaa vya wapangaji wa kawaida. Ila tusimwite mkombozi wa wasio na nyumba. Mwalimu kijana anayetafuta vyumba viwili na jiko, asiyeweza kutoa kodi ya miezi sita kwa mpigo, hajawahi kuhamia katika ghorofa la fremu. Jengo la kale linapobomolewa kwa jina la mwalimu huyo, jina hilo limetumika tu.

Sasa niseme ni wapi nyumba zimekwama. Iringa tunayoijua ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1896 juu ya uwanda huu, baada ya kuivunja ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mbeya ilianza mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipokuwa ikivuta watu kutoka kila upande. Miji yote miwili ilikatwa kwa kisu kimoja. Mzungu alipewa sehemu ya juu yenye hewa, kwenye viwanja ambavyo nyumba moja ilizungukwa na bustani kubwa na vyumba vya watumishi nyuma. Mhindi aliwekwa mtaa wa biashara. Mwafrika alipelekwa pembeni, kwenye vipande vidogo au pasipopimwa kabisa. Uhuru ulipokuja tulibadilisha wakazi. Viwanja hatukuvibadilisha. Gangilonga ya Iringa na Forest ya Mbeya zikawa za watumishi wa Serikali, kisha kuanzia 2002 baadhi ya nyumba za Serikali nchini zikauzwa kwa watumishi hao hao, na hadi leo katika maeneo hayo, yaliyo karibu na hospitali, shule na ofisi zote, yenye maji na barabara za muda mrefu, nyumba moja ya chini bado inakaa katikati ya uwanja unaotosha mtaa mzima wa Mtwivila au Isanga.

Tuseme kiwanja kina mita za mraba 2,000 na nyumba iliyopo imekalia 200. Nyuma yake mnaweza kuruhusu jengo moja la sakafu tatu lenye nyumba kumi ndogo, na bado zaidi ya nusu ya kiwanja ikabaki wazi kwa miti, magari na watoto. Kila viwanja mia moja vya namna hiyo ni nyumba elfu moja, bila kubomoa hata nyumba moja ya zamani, bila kuchimba barabara mpya, bila kupeleka nguzo ya umeme mahali ambapo hapajawahi kuwa na nguzo. Hii ndiyo sehemu ya urithi wa kikoloni inayotuumiza, na ajabu ni kwamba hakuna anayeitaja urithi. Tunaushambulia ukuta wa mawe wenye baraza ya nguzo kwa kuwa unaonekana wa kikoloni. Mchoro wa mipango miji unaosema hapa ni msongamano mdogo hatuushambulii, kwa sababu mchoro hauna sura, na pengine kwa sababu wanaoishi ndani yake ni watu wanaojua namba za simu za wakubwa.

Kodi nazo zinausaidia mpango huo uendelee. Kodi ya majengo, inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, haiulizi kiwanja kina ukubwa gani. Mwenye nyumba ya chini katikati ya nusu ekari na mwenye nyumba ya chini kwenye kipande kisichotosha mashimo mawili ya choo wanakatwa kiasi kimoja kila mwezi, na anayejenga kwenda juu ndiye anayekatwa zaidi. Pango la ardhi linahesabu mita za mraba, ni kweli, ila viwango vyake havijamlazimisha mtu kuutazama upya ua wake. Viwango hivyo haviwekwi na nyinyi, najua. Lakini kibali cha ujenzi ni chenu, na kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nyinyi ndio mamlaka ya upangaji. Kubadilisha matumizi na msongamano wa eneo ni kazi inayoanzia kwenye meza yenu.

Watu wasipopata nafasi ndani ya mji hawapotei, wanapanda mlima. Mnajua kilichotokea Itezi Aprili 2024, tope lilipoteremka kutoka Mlima Kawetele likafunika nyumba na shule. Mvua ilikuwa kubwa, hilo ni kweli, lakini mvua haikumchagulia mtu mahali pa kujenga. Mtu hujenga kwenye miteremko kwa sababu ndiko kiwanja kinakopatikana kwa fedha aliyonayo. Jiji la Mbeya limenyooka kama mkanda kando ya barabara kuu ya Zambia, Uyole upande mmoja na Iyunga hadi Iwambi upande mwingine, kiasi kwamba Serikali sasa inajenga njia nne za kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi ili watu waweze kufika kazini. Barabara hiyo inahitajika. Ila kila familia inayosukumwa kilomita kumi kutoka katikati ya mji inalipa nauli ya daladala au bajaji mara mbili kwa siku kwa kila anayetoka, na halmashauri inalipa bomba, kalavati, zahanati na darasa. Nyumba ya pembeni ni rahisi siku ya kununua kiwanja tu.

Hapo ndipo ninapowarudisha kwenye majengo ya kale, kwa sababu mtaniuliza: kama nyumba ziko kwenye viwanja, majengo hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa kuwa hali yake ya kisheria sasa hivi inamuumiza kila mtu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linalindwa pale tu Waziri anapolitangaza katika Gazeti la Serikali. Tazameni maana yake kwetu. Mwaka 1863 Mbeya haikuwapo. Iringa ya sasa haikuwapo. Hata Lipuli, ngome hiyo ya Kalenga ambayo Mkwawa aliijengea kuta kuwasubiri Wajerumani, ilikuja miaka mingi baadaye. Sheria iliyotungwa huku Kilwa na Bagamoyo zikiwa akilini imetuacha sisi wa nyanda za juu mikono mitupu. Hakuna ukuta wa mjini kwenu unaolindwa na umri wake peke yake.

Matokeo yake ni sintofahamu. Mwenye jengo hajui kama anaruhusiwa kuongeza sakafu au kubadilisha paa, kwa hiyo anasubiri. Ofisa anayepokea ombi lake hana orodha ya kumwongoza, kwa hiyo anaogopa kusaini au, akiwa si mwaminifu, anaona nafasi. Mpangaji hajui atahamishwa lini, kwa hiyo hapaki rangi. Jengo linaoza taratibu mpaka kila mtu akubali kwamba sasa halifai, na hapo kubomoa kunaonekana busara. Ukosefu wa uamuzi nao ni uamuzi, na mara zote umekuwa wa kubomoa.

Ninachowaomba ni orodha fupi. Nasisitiza fupi. Isiwe ya kila kitu chenye miaka hamsini, maana orodha ya namna hiyo haitekelezeki, na ingeniweka upande wa wanaotaka mji ugande. Kwa Iringa inaanza na Boma, na Jamatkhana ya Waismailia yenye mnara wa saa, na majengo yaliyobaki ya enzi ya Mjerumani karibu na soko kuu, na safu moja au mbili za nyumba za maduka zilizosimama pamoja bila kukatwa. Kwa Mbeya inachukua ofisi za kwanza za Serikali, sehemu ya Uhindini yenye baraza zilizoungana, na, kwa maoni yangu, kituo cha TAZARA, kwa sababu reli iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975 ni historia yetu kuliko jengo lolote la gavana. Ziingie pia nyumba chache za udongo na matofali mabichi za mitaa ya Waafrika, kama bado zipo zenye afya. Kila kilicho nje ya orodha kiwe huru, na uhuru huo uandikwe: mwenye kiwanja ajue kwamba hakuna atakayemjia na habari za urithi siku ameshanunua nondo.

Kilicho ndani ya orodha nacho kisifungwe kama kaburi. Itazameni nyumba ya duka ya Uhindini kwa jicho la mtu anayetafuta pa kuishi. Mbele kuna baraza ya nguzo inayomkinga mpita njia dhidi ya mvua. Nyuma ya baraza ni duka lenye milango ya mbao inayokunjwa. Juu, kama ina sakafu ya juu, kuna vyumba vitatu au vinne vyenye dari ndefu na kuta nene zinazotunza joto mwezi wa saba, wakati baridi ya Mbeya inapomfanya mtu avae koti ndani ya nyumba. Nyuma kuna ua mrefu wenye kisima cha zamani au tangi, stoo za mahindi, jiko la nje na vyumba vya watumishi. Katika nyumba nyingi za namna hii leo, chini pamejaa biashara, juu pamejaa makatoni, na uani pamejaa vyuma chakavu. Ipeni ruhusa ya wazi: uso wa mbele na baraza vibaki, vyumba vya juu virudi kuwa makazi, na uani pajengwe sakafu tatu au nne za nyumba ndogo ambazo hazionekani kutoka barabarani. Tangu 2008 tuna sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe, kwa hiyo mwenye kiwanja anaweza kuuza nyumba za uani na kwa fedha hiyo kukarabati mbele. Hapo urithi ndio uliozaa nyumba.

Najua pingamizi zitakazokuja, na moja nitaijibu kwa urefu kwa sababu ina uzito. Inasema: haya ni majengo ya waliotutesa. Boma la Iringa lilijengwa na dola ileile iliyomfukuza Mkwawa porini hadi akajiua mwezi Julai 1898, ikamkata kichwa ikakipeleka ng'ambo, na ikachukua hadi 1954 fuvu kurudishwa Kalenga. Kwa nini mjukuu wa waliopigana na Wajerumani pale Lugalo alipe kodi kutunza kuta za kamanda wao, von Prince? Hoja hii haijibiwi kwa kusema majengo ni mazuri. Uzuri haumlipi mtu damu. Jibu langu ni kwamba jengo ni ushahidi, na aliyeonewa ndiye mwenye haja zaidi ya ushahidi kubaki. Boma hilo, baada ya miongo mingi ya kuwa ofisi, lilikarabatiwa chini ya mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na kufunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa. Leo historia ya Wahehe na ya watu wengine wa nyanda hizi inasimuliwa ndani ya kuta za aliyetaka kuifuta. Sijui adhabu gani ingeweza kuwa tamu kuliko hiyo. Waeritrea walifanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi: Asmara, mji uliojengwa na Waitaliano kwa jasho la wenyeji waliozuiwa kuishi katikati yake, uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017 kwa ombi la Waeritrea wenyewe. Tena kuta za majengo haya hazikupandishwa na magavana. Zilipandishwa na mafundi na vibarua ambao majina yao hayakuandikwa popote, na kazi ya mikono yao ndiyo maandishi pekee waliyoacha.

Wengine watasema mali ni ya mwenye mali, na Katiba inalinda haki hiyo. Ni kweli, na ndiyo maana nimependekeza haki ya kujenga uani badala ya katazo tupu. Lakini katika miji yetu mwenye mali wa majengo mengi ya Uhindini ni sisi. Sheria ya mwaka 1971 ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee bado wanaziita nyumba za Msajili. Shirika hilo lina sera ya ubia ya kushirikiana na wenye mitaji kubomoa majengo chakavu na kujenga marefu, na kwa Kariakoo sera hiyo ina mantiki yake. Ikija huku na masharti ya Kariakoo bila nyinyi kuweka yenu, mtasomewa ramani zilizokwisha kuchorwa. Wekeni masharti kwanza: uso wa barabarani unabaki kwenye majengo ya orodha, na angalau nusu ya kitakachojengwa kiwe makazi. Hili la pili ndilo litakaloonyesha nani alikuwa anawajali wasio na nyumba kwa dhati.

Kuna watakaonikumbusha Magomeni Kota kule Dar es Salaam kama mfano wa kubomoa kulikofanikiwa. Naukubali mfano huo, na nauleta mwenyewe. Ile ilikuwa ardhi ya umma, yenye nyumba za chini zilizotawanyika, na sasa ina maghorofa yaliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Ndiyo aina ya ardhi ninayoisema: kota za Serikali, siyo majengo ya historia. Lakini someni pia upande wa pili. Kaya 644 zilizoondolewa zilisubiri karibu miaka kumi. Kati ya kubomoa na kujenga kuna shimo, na anayelala ndani ya shimo hilo ni mpangaji. Zanzibar nako, ujenzi wa maghorofa ya Michenzani ulianza na kubomoa nyumba za Ng'ambo, na mpango mkubwa uliochorwa haukukamilika. Kujenga kwanza mahali palipo wazi, kisha kuhamisha watu, ni polepole kwenye karatasi lakini ni haraka kwa familia. Mbeya mna pa kuanzia: uwanja wa ndege wa zamani umebaki bila ndege za abiria tangu Songwe ulipofunguliwa Desemba 2012, nao uko ndani kabisa ya jiji. Ukikatwa viwanja vya nyumba mojamoja zenye uzio mtakuwa mmeanzisha Uzunguni nyingine kwa mikono yenu.

Pingamizi ya fedha nayo ni ya haki. Kutangaza jengo bila kulitafutia matumizi ni kulihukumu lianguke polepole. Mji Mkongwe wa Zanzibar una sheria, una mamlaka yake ya hifadhi tangu miaka ya 1980, una hadhi ya urithi wa dunia tangu 2000, na bado Beit al Ajaib liliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likaua watu wawili, tena likiwa katika ukarabati. Huko pia nyumba nyingi za umma zilipangishwa kwa kodi isiyotosha hata kununua chokaa, na paa likivuja hakuna wa kulipanda. Kwa hiyo sidai mfuko mkubwa ambao hamna. Nadai jengo lilipie matunzo yake kwa kuwa na watu ndani, na mlipunguzie ada ya kibali anayekarabati. Utaalamu si wa kuagiza mbali. Kosa linaloua majengo yetu mengi ni dogo: ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa kwa udongo au chokaa unapigwa lipu ya saruji ili upendeze, maji yanayopanda kutoka ardhini yanakosa pa kutokea, rangi inatoka magamba na tofali linamomonyoka kuanzia chini. Fundi anayejua kuchanganya chokaa angeuponya ukuta huo kwa gharama ya kawaida. VETA wanaweza kumfundisha fundi huyo, na wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanaweza kupima na kuchora kila jengo la orodha kama sehemu ya masomo yao.

Kuhusu usalama nitasema kwa kifupi. Jengo ambalo mhandisi amethibitisha kwamba halina tiba libomolewe, likishapimwa na kupigwa picha. Sitaki mtu afe kwa ajili ya historia. Ila uzee usichukuliwe kuwa ndio hatari yenyewe. Ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 halikuwa boma la Mjerumani.

Waheshimiwa, kazi ninayowaomba inaweza kuanza kwenye Kamati zenu za Mipango Miji na Mazingira kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai. Orodha ya majengo yasiyozidi hamsini kwa kila mji, iwekwe hadharani kwenye mbao za matangazo za kata ili wananchi waongeze au wapinge ndani ya siku tisini, kisha ipelekwe Idara ya Mambo ya Kale kwa kutangazwa. Kamati hizo hizo zipitie upya msongamano wa Gangilonga, Forest na kila kota ya Serikali iliyo ndani ya kilomita chache za soko kuu, na kuruhusu nyumba za sakafu tatu nyuma ya zilizopo. Na mpaka mambo hayo mawili yaamuliwe, msitoe kibali chochote cha kubomoa jengo la kabla ya Uhuru katika Uhindini ya Mbeya wala ya Iringa. Wananchi wataipima nia yenu kwa ajenda ya pili kuliko ya kwanza, kwa sababu kutunza kuta za wengine ni rahisi. Wapo miongoni mwenu na miongoni mwa wakuu wa idara zenu wanaoishi kwenye viwanja ninavyovitaja. Naomba muanze na hivyo.

Wenu katika ujenzi wa miji yetu.